Seven, bagi au Land Rover 109: uunde lipi ukiwa Dodoma?

Mwambie mtu wa Dodoma kwamba unataka gari la kuunda kwa mikono yako, atakuuliza: "Kwani IST zimeisha?" Hazijaisha. Zimejaa kuanzia Nkuhungu hadi Ihumwa, zinawaka asubuhi bila maneno, na spea zake hazimsumbui mtu. Makala haya hayamhusu anayetafuta usafiri. Yanamhusu yule ambaye usafiri anao tayari, ila anataka gari analolijua nati kwa nati kwa sababu alizifunga mwenyewe.

Wanaonifuata na ugonjwa huu karibu wote wamekwama kwenye njia panda ileile. Njia ya kwanza ni kuagiza seti nzima kutoka Uingereza: gari dogo la wazi la ukoo wa Seven, linakuja kwenye maboksi, unaliunganisha. Ya pili ni bagi, yaani sakafu na injini ya Volkswagen Beetle kuukuu iliyovikwa bodi ya fiberglasi. Ya tatu ni kununua Land Rover 109 iliyo juu ya mawe na kuifufua. Wapo watakaosema hiyo ya tatu si gari la kuunganisha. Mimi naihesabu, kwa sababu Land Rover ya zamani ukiwa na spana na siku nne utaifungua yote, kisha utaanza kujiuliza inarudi vipi.

Nieleze na msimamo wangu ili unisome kwa tahadhari. Bagi niliunda, nikaiuza. 109 ninayo mpaka leo, iko uani Nzuguni. Seven ni ya shemeji yangu aliyekwenda Coventry kusoma akarudi na homa hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi.

Nitapima kwa nini

Vipimo vyangu ni vitano: kazi ya kuunda, makaratasi, barabara zetu, kuharibika njiani, na raha yenyewe. Bei sikuiweka kama kipimo. Inapanda na kushuka pamoja na pauni, na pia sijawahi kumwona muundaji aliyetunza hesabu hadi mwisho. Daftari huwa linafungwa kabla ya rangi.

Kipimo cha nne nakiita Kipimo cha Kibaigwa. Gari limezima Kibaigwa, mji mdogo njiani kwenda Morogoro, saa kumi na moja jioni, karibu na soko la mahindi. Je, unafika nyumbani leo, kesho, au mwezi ujao? Mtu wa London anaweza kulipuuza swali hili. Wewe wa Dodoma huwezi.

Magari yenyewe kwa kifupi

Seven ilibuniwa na Colin Chapman wa Lotus, ikatoka mwaka 1957. Iliuzwa vipande kwa sababu ya kodi: Uingereza ya wakati ule ilitoza kodi ya manunuzi kwa gari zima, si kwa gari la vipande. Mwaka 1973 VAT ilipoanza unafuu huo ukaisha, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham wakachukua haki za kuiendeleza. Bado wanaitengeneza, na bado unaweza kuinunua ikiwa nzima au vipande. Ya shemeji ni Seven 160, toleo lililotangazwa mwaka 2013, kilo 490 tu. Injini yake ni Suzuki ya cc 660 yenye tabo. Naam, ukoo mmoja na kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo. Fundi wa kwanza kuinama pale mbele aliinuka akicheka: "Bosi, huu si moyo wa kirikuu huu?" Shemeji alinuna kidogo. Baadaye alikuja kushukuru.

Bagi tunayoijua ilianzia California mwaka 1964, kwa fundi wa boti aitwaye Bruce Meyers. Za kwanza zilikuwa ganda la fiberglasi lililofungwa injini na magurudumu ya Beetle; baadaye akageukia kuifupisha sakafu ya Beetle na kuivika ganda. Mwaka 1967 yeye na mwenzake waliivusha rasi ya Baja kule Mexico, nchi ya mchanga na mawe, kwa saa 34 na dakika 45. Injini yake iko nyuma na inapozwa kwa upepo, kwa hiyo rejeta haina.

109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Land Rover zilianza mwaka 1948, na bodi ikawa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Chasisi ni chuma, na utaona mbele kwa nini hilo ni muhimu. Series III, ambayo ndiyo wengi wanaiokota huku kwetu, ilikoma mwaka 1985.

Kuunda

Kwa Seven kazi ni safi kiasi cha kumkera fundi wa kienyeji. Bolti ziko kwenye mifuko yenye namba, kitabu kinakuelekeza, hakuna kuchomelea, hakuna puti. Kiwandani wanakadiria kama saa 100 kwa mtu wa kawaida mwenye spana nzuri. Shemeji alitumia miezi minane. Kuunganisha kwenyewe kulikuwa jioni na Jumamosi chache tu; muda uliobaki ulikwenda kusubiri mfuko mmoja wa vishikio vya waya ambao haukuwamo ndani ya boksi. Hapo ndipo udhia wa seti ulipo: kila kitu kinategemeana, na kilichokosekana hakipatikani Kizota wala Kariakoo. Wenye haraka huchonga cha kufanana. Yeye hakutaka, na nadhani alikuwa sahihi.

Bagi ni kitu kingine kabisa. Mwanzoni unakata sakafu ya Beetle, unatoa kipande, unaichomelea tena ikiwa fupi. Ukikosea pembe kwa upana wa vidole viwili, gari litatembea upande kama kaa maisha yake yote. Pima kutoka kona hadi kona, kulia na kushoto, kabla ya kuchomelea, halafu pima tena chuma kikiwa bado cha moto. Fundi hodari wa mageti si lazima awe fundi wa chasisi. Nasema hivi kwa kuwa wa kwanza niliyemtumia alikuwa wa mageti.

Kisha linakuja ganda. Kuliagiza limekwisha tengenezwa ni kulipia usafiri wa hewa, maana ni boksi kubwa lenye utupu ndani. Mimi nilitengeneza kalibu, nikaanza kumimina mwenyewe. Siku ya kwanza nilichanganya rezini (ile gundi ya fiberglasi) na hadina (dawa ya kuigandisha) kwa kipimo cha kwenye kopo, saa sita mchana, mwezi wa kumi. Sikufikisha hata nusu ya mkeka wa nyuzi. Kopo lilianza kupata joto mkononi, rezini ikawa kama asali, kisha kama jeli, kisha kopo likatoa moshi na kupasuka ubavuni. Brashi ilibaki imesimama katikati kama mwiko kwenye ugali ulioganda. Kuanzia siku ile nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, napunguza hadina, nachanganya kidogo kidogo, na jua likifika juu ya paa la jirani nimeshanawa. Bagi ilinichukua miaka miwili na miezi kadhaa. Ndiyo kazi niliyojifunza zaidi, na ndiyo ambayo mke wangu hataki kuisikia.

109 ni uchafu na nguvu. Nati nyingi zake ni za inchi, na fundi akija na spana za milimita atazila kona zote, mwisho mnaishia kukata kwa msumeno. Nunua seti ya spana za inchi kabla ya kununua gari. Bodi isikuogopeshe, ipo tu; kagua chasisi, na kagua mahali alumini inapokutana na chuma, kwani hapo huliana zenyewe. Hapa kati ya nchi tuna bahati: ukame wetu huhifadhi chuma. 109 iliyozeekea Singida au Kondoa mara nyingi ina chasisi ya kugonga na kusikia mlio, wakati ya Tanga unaweza kuipenya kwa bisibisi.

Makaratasi

Hapa Seven ndiyo huumiza, na wengi huingia kwa ndoto kwamba gari likija vipande litahesabiwa spea. Halihesabiwi. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa forodhani una kanuni ya 2(a): kitu kilichofunguliwa vipande, au kisichokamilika ila kina sura ya msingi ya kile kilichokamilika, huhesabiwa kimekamilika. Kwa hiyo ni gari. Ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake VAT asilimia 18; mzigo wa 100 umeshafika 147.5, na bado ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini. Cc 660 hapo zinasaidia. Weka pia muda wa kueleza. Karani mmoja wa uwakala alimsikia shemeji akisema "kit", akaandika kwenye fomu: "kiti cha gari, 1". Wiki mbili ziliteketea kwa herufi moja.

Bagi na 109 hazina bandari, zina kadi. Kadi ndiyo gari. Usinunue Beetle wala Land Rover isiyo na kadi hata ukipewa kwa bei ya kuku, na hakikisha namba ya chasisi uliyoisoma kwa macho yako ndiyo iliyo kwenye kadi. Ya Beetle imegongwa kwenye handaki la katikati, chini ya siti ya nyuma, jirani kabisa na panapokatwa. Mwonyeshe mchomeleaji kabla hajawasha mashine. Ukibadilisha injini au bodi, peleka TRA kadi irekebishwe mapema. 109 yangu ilikuja na injini isiyo yake, mwenye gari wa zamani hakuniambia, nami sikuangalia. Siku trafiki alipofungua boneti akalinganisha namba, nilirudi nyumbani kwa bajaji.

Barabara zetu

Seven iko chini sana. Matuta ya vijijini kwenye barabara ya Morogoro unayapanda mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na bado utasikia chuma kinasugua. Nje ya lami usithubutu. Dereva wa Fuso hakuoni: wewe uko usawa wa nati za tairi lake. Upepo wa Julai na Agosti unakuja na vumbi jekundu moja kwa moja mdomoni, kwa sababu hakuna mlango.

Bagi imezaliwa kwa ajili ya makorongo yetu. Uzito uko juu ya magurudumu yanayovuta, kwa hiyo mchanga haisumbuki nao ingawa haina foo-wili. Adui yake ni vumbi hilohilo, maana tairi za nyuma hulirusha penye injini. Safisha chujio la hewa kila wiki wakati wa kiangazi, na ukiwa umejaza watu usiiburuze milima ya Kolo saa nane mchana.

109 inapita kote na hufiki haraka popote. Mwendo wa raha ni kilomita 70 kwa saa. Mabasi yatakupigia honi. Breki za zamani za ngoma hutaka ukanyage mapema, na kwenye rasta za barabarani springi zake za mikeka zitakuhesabia mbavu.

Kipimo cha Kibaigwa

Bagi yangu ilikatika mkanda wa feni palepale Kibaigwa. Kwa Beetle hilo si dogo: mkanda huo ndio unaozungusha feni ya kupoza injini, na ukiendelea kilomita chache tu umeiua. Kijana wa bodaboda alizunguka akarudi na mkanda wa pampu ya maji, mrefu kidogo. Ukaingia lakini ukapwaya. Puli ya Beetle ina nusu mbili, na katikati kuna vibati vyembamba vya chuma. Ukitoa kimoja, nusu zinasogeleana na mkanda unapanda juu na kukaza. Tulitoa viwili, tukavihifadhi nje ya puli chini ya nati yake, tukaondoka kabla ya magharibi. Kwa gari hili, usipopata spea utapata njia.

109 ilinikatikia shafti ya nyuma nikitoka Kondoa. Mlio kama wa mfupa, kisha injini inanguruma na gari limesimama. Udhaifu huo wa shafti unajulikana, na dawa yake iko ndani ya gari: ukibonyeza kitufe cha njano kilicho kando ya gia, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Nilifika Dodoma ninavutwa badala ya kusukumwa. Na popote utakaposimama atatokea mzee mwenye maoni, na mara nyingi maoni yake ni sahihi.

Seven ina majibu mawili. Tatizo likiwa la injini yenyewe, fundi wa kirikuu ataielewa, na kirikuu hazikosekani Kibaigwa. Likiwa la umeme wake, au la mikono ya mbele inayoshika magurudumu, utatafuta lori la kulibeba. Bushi moja ya mbele ilimweka shemeji chini wiki tatu akisubiri kifurushi.

Raha

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Iringa kuelekea Mtera, shemeji aliniachia usukani. Kiuno kiko karibu na lami hata unahisi ungeweza kuigusa kwa kiganja. Unayaona magurudumu ya mbele yakikata kona kabla hujaihisi. Mbuzi wa Wagogo pembeni tulitazamana macho kwa macho, wao wamesimama, mimi nimekaa. Harufu zote zinaingia: moshi wa jikoni, majani makavu, mavi ya ng'ombe. Kwa kilomita 80 kwa saa nilikuwa najiona mia na hamsini. Kati ya magari yote matatu, hakuna linalogusa raha ile ya kuendesha, na mwenye 109 anayebisha hajawahi kukalia siti ya Seven.

Raha ya bagi ni watu. Ukipita Majengo watoto watakukimbilia, ukisimama kituo cha mafuta utajibu maswali kuliko utakavyojaza. Siku mbaya, ukiwa na haraka, hiyo raha inageuka adhabu.

109 inakupa kitu kingine: inafanya kazi. Yangu hubeba kreti za zabibu kutoka Hombolo msimu ukifika, na fedha hiyo hainilipi jasho langu ila inanyamazisha midomo ya nyumbani. Wazee waliowahi kuwa mabwana shamba husimama, hugusa bawa la mbele, na kunipa safari nzima ya Mpwapwa ya miaka ya sabini. Na ina jamaa wengi. Oktoba 2024 Arusha ilipofurika Land Rover kwa ajili ya tamasha lake, wenzangu wawili walitoka hapa kwenda. Mmoja alirudi akiwa anaburutwa, na bado anaisimulia kama harusi.

Wewe uko wapi?

Kama una kazi ya mshahara, muda wako ni wa jioni tu, unapenda kuendesha kuliko kuchafuka, na gari la pili lipo kwa ajili ya shule na soko, Seven itakufaa. Kubali kwamba utaliendesha alfajiri za kiangazi, kwenye lami, na kwamba spea zitakuja kwa ndege.

Kama unachopenda ni kutengeneza, na safari kwako ni kisingizio, tafuta Beetle yenye kadi. Usianze kama hujampata mchomeleaji unayemwamini, na usianze kama huna subira ya miaka miwili.

Kama una shamba, una ndugu Kondoa au Mpwapwa, na unataka gari ambalo familia nzima itapanda hata kwa kulalamika, chukua 109. Jiandae kwa matone ya oili uani, weka karai.

Wenye watoto wadogo: hakuna kati ya haya lenye mifuko ya hewa, na Seven ina siti mbili tu. Bagi niliiuza mtoto wa tatu alipozaliwa, na sikuhitaji kushauriwa.

Mwenye nyumba ya kupanga isiyo na banda asinunue lolote kati ya matatu mwaka huu. Jenga banda kwanza, la bati tu linatosha, lenye ukuta upande wa mashariki unakotokea upepo. Ukilimaliza na bado unalitaka gari, nipigie, nina spana za inchi za kuazima.